Prim alikufa. Je, dada yake alijitoa bure?



Wiki mbili zilizopita niliandika katika kona hii juu ya wasichana wetu wa sekondari wanaopokezana kitabu kimoja mpaka jalada limeng'oka. Nilikisifu. Niliwaomba wazazi wasiwanyang'anye, kwa kuwa mtoto anayesoma kurasa mia nne za Kifaransa bila kulazimishwa anajifundisha kuliko ninavyoweza kumfundisha ubaoni. Leo narudi kwenye habari ile ile, lakini uso umebadilika. Wasichana wamemaliza kitabu cha tatu, na wamekasirika. Nami nilipokimaliza nilikasirika.

Mmoja wao, wa miaka kumi na sita, alinifuata baada ya masomo. Akakiweka kitabu juu ya meza kama mtu anayerudisha sufuria lililotoboka. Akaniambia: "Madamu, ile kitabu ilitudanganya. Kama Prim anakufa tu, dada yake alijitoa kwa sababu gani?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia nitamjibu wiki hii. Kisha nikaona afadhali nimjibu mbele yenu wote, kwa sababu swali lake linatuhusu hata sisi ambao hatujakifungua kitabu hicho.

Kwa wasioijua hadithi, nitaieleza kwa ufupi. Inaitwa Hunger Games, maana yake Michezo ya Njaa. Mwandishi wake ni mama wa Marekani, Suzanne Collins. Kitabu cha kwanza kilitoka mwaka 2008, cha pili 2009, cha tatu 2010. Kwetu vimefika kwa Kifaransa, na cha tatu kinaitwa La Révolte. Filamu zake nne zilitoka kati ya 2012 na 2015, na wengi wa wasichana waliziona kwanza kwenye simu ya kaka kabla ya kuona kitabu.

Ni habari ya nchi ya kubuni yenye mji mkuu mmoja tajiri na wilaya kumi na mbili maskini. Kila mwaka mji mkuu huchukua kwa kura mvulana mmoja na msichana mmoja kutoka kila wilaya, wenye miaka kumi na miwili hadi kumi na minane. Watoto ishirini na wanne wanafungiwa mahali wauane mpaka abaki mmoja, na nchi nzima inalazimishwa kutazama kwenye televizyo. Mtoto wa maskini anaweza kuongeza jina lake kwenye bakuli la kura ili familia ipewe nafaka na mafuta. Akiongeza jina moja, wanapata posho ya mtu mmoja kwa mwaka. Mama aliyewahi kushika kadi ya posho mkononi ataelewa hapo bila mwalimu.

Katniss ni msichana wa Wilaya ya 12, wilaya ya wachimbaji wa makaa ya mawe. Baba yake alifia mgodini. Hapa Kilembwe sihitaji kueleza hilo pia. Mtu anaingia shimoni, mali inatoka, inashika barabara kwenda kwa watu ambao hatutawaona kamwe, na nyumbani mama anabaki akihesabu vikombe vya unga. Siku ya kura likatoka jina la mdogo wake, Prim, mwenye miaka kumi na miwili. Jina la Prim lilikuwa limeandikwa kwenye karatasi moja tu kati ya maelfu. Katniss akapiga kelele, akajitoa aende badala yake. Hapo ndipo hadithi nzima ilipozaliwa, na hapo ndipo wasichana wetu walipoipenda. Ni nani kati yetu hana mdogo ambaye angemfanyia vile?

Basi kitabu cha kwanza anarudi hai. Cha pili anarudishwa tena uwanjani. Cha tatu ni vita: wilaya zimeasi, na Katniss amefanywa kuwa sura ya uasi. Humo ndimo uchungu wetu ulipo.

Nianze na malalamiko ambayo nayaona ni ya haki. Katika vitabu viwili vya kwanza Katniss anatembea, anawinda, anaamua mwenyewe. Katika cha tatu wakubwa wa uasi wanampaka rangi usoni, wanampiga picha, wanamwambia la kusema. Mara kwa mara amelazwa hospitali, chini ya ardhi, na mambo makubwa tunayasikia kwa kuhadithiwa. Watu tuliowapenda wanakufa kwa mistari michache, hata mtu anarudi nyuma kusoma tena akidhani ameruka ukurasa. Mimi nilirudi nyuma mara mbili.

Na Prim ndiye aliyetuumiza zaidi. Vita imefika mji mkuu. Mbele ya nyumba ya rais mbaya, Snow, watoto wamezungushiwa ua ili wawe ngao. Vifurushi vinashuka kutoka angani kama misaada, watoto wananyoosha mikono, vinalipuka. Wauguzi wa waasi wanakimbia kuokoa walio hai, ndipo mlipuko wa pili unawamaliza waokoaji. Kati ya wauguzi hao alikuwemo Prim. Baadaye Katniss anafahamu kwamba pengine bomu lile halikuwa la Snow, lilikuwa la wakombozi wenyewe, na kwamba rais mpya, mama Coin, anataka michezo irudi mara moja tu, safari hii kwa watoto wa upande ulioshindwa. Siku ya kumwua Snow hadharani, Katniss anageuza upinde na kumpiga Coin.

Juu ya mkombozi anayekuja na silaha ile ile ya aliyemtoa, sitaandika mengi katika gazeti dogo la chama. Wenye masikio wamesikia.

Sisi wengine tulikulia kambini, ng'ambo ya ziwa, na huko tulisomewa Kusadikika ya Shaaban Robert, kitabu cha mwaka 1951. Hiyo nayo ni nchi ya kubuni yenye utawala mbaya. Karama anashtakiwa kwa kutaka kufundisha watu sheria, anajitetea siku baada ya siku, na mwishoni mfalme anamwachilia huru pamoja na wale sita waliofungwa kabla yake. Tulishangilia, tukafunga kitabu, tukaenda kupanga foleni ya maji. Shaaban Robert hakutuandikia habari za kesho yake. Hakutuambia kama Majivuno, yule waziri aliyemshtaki Karama, alikubali kushindwa, wala kama wale sita walilala usingizi mzuri nyumbani kwao baada ya gereza.

Collins ameandika hiyo kesho. Baba yake alikuwa mwanajeshi wa jeshi la anga la Marekani, akapelekwa vita ya Vietnam binti yake akiwa mdogo. Nafikiri mtoto aliyengoja nyumbani namna hiyo anajua kwamba vita haimalizwi na wimbo. Kwa hiyo tuna masikitiko ya namna mbili, na tusiyachanganye. Namna ya kwanza ni kosa la mwandishi: kuharakisha vifo, kumfunga Katniss kitandani. Hilo tulidai, ni haki yetu, tulilipa kwa macho yetu usiku wa taa ndogo. Namna ya pili ni kunyimwa mwisho mtamu tuliokuwa tukiungoja. Hapo sina hakika kama mwandishi ana deni kwetu.

Sasa nirudi kwa swali la msichana. Dada yake alijitoa kwa sababu gani?

Jumapili nilimpelekea mama yangu swali hilo hilo. Alikuwa anachambua maharage. Wengi wenu mnamfahamu, na mnajua kwamba tulipokimbia nilikuwa na miaka minane. Mama alimbeba mdogo wangu mgongoni kutoka huku milimani mpaka ufukweni. Aliacha cherehani yake. Aliacha mpunga ambao ulikuwa bado haujatwangwa. Usiku wa kuvuka alimfunga mtoto kwa vitenge viwili ili mkono ukichoka asidondoke majini. Tulifika Kigoma sote. Mwaka uliofuata, kambini, malaria ikamchukua yule mtoto. Alikuwa na miaka minne.

Katika miaka yote hii sikuwahi kumwuliza mama kama aliona kazi ile imekuwa bure. Nilimsimulia kwanza habari ya Katniss na Prim, kisha nikauliza. Hakuacha kuchambua. Akanijibu:

"Bure namna gani? Nilimubeba apate kuishi, na aliishi. Alipata mwaka moja ingine. Alijua dagaa ya Kigoma, alijua kuimba, alikuita jina. Ule mwaka ni wangu, hakuna mutu ataninyang'anya. Angalikufa mu njia, hata ule singalikuwa nao."

Kisha akaniuliza kama nimeleta chumvi.

Nilipofika nyumbani nilikifungua tena kile kitabu, sasa nikimtafuta Prim peke yake. Tangu siku ya kura mpaka siku ya bomu ni karibu mwaka mmoja na nusu. Katika muda huo yule mtoto mwoga mwenye mbuzi wake amekuwa mwuguzi mwenye mikono isiyotetemeka. Wamemwahidi kumfundisha udaktari. Ndiye anayemfumbua macho dada yake kwamba, kwa kuwa wakubwa wanamhitaji, anaweza kuwawekea masharti. Na siku ya mwisho hakukimbia kujiokoa. Alikimbia kuelekea watoto wanaoungua, watoto wa adui. Katniss alimwokoa msichana mdogo, na yule msichana akapata muda wa kuwa mtu mzima wa moyo. Muda huo Katniss alimnunulia kwa kujitoa. Haukuwa mrefu, lakini bila yeye usingekuwepo kabisa.

Binti yangu, hilo ndilo jibu langu. Kitabu hakikukudanganya. Kilikuahidi kwamba upendo wa dada unaweza kumtoa mtoto katika kifo cha siku fulani, na ahadi hiyo kimeitimiza. Hakikuahidi kwamba upendo unaweza kuzuia vifo vyote. Sisi wasomaji ndio tulijiongezea hilo, kwa sababu tulilitamani. Hata hivyo endelea kukasirika kidogo. Hasira yako inaonyesha kwamba Prim alikuwa mtu kwako, na mwandishi mbaya hawezi kukufanyia hivyo.

Kwenu mama nina maombi mawili.

La kwanza: mtoto akimaliza kitabu akalia, msimwambie "ni hadithi tu." Anajua ni hadithi. Mwulizeni analia kwa ajili ya nani. Pengine atawatajia jina la mtu wa kitabuni, na pengine atataja la mtu wa nyumbani. Mabinti wetu wengi wanasikia vipande tu vya njia tuliyopitia, usiku, tunapodhani wamelala. Kitabu kinaweza kuwa mlango wa kuwasimulia mchana, kwa utaratibu, bila kuwatisha.

La pili linatoka mwishoni mwa kitabu chenyewe. Katniss anarudi kwenye wilaya yake iliyoungua. Paka wa Prim naye anarudi, anazunguka nyumba akimtafuta mwenye wake, na hapo ndipo Katniss anapoweza kulia. Baadaye yeye na wenzake wanaanza kuandika daftari la waliokufa: si namna walivyouawa tu, hata mambo madogo ambayo ingekuwa dhambi kuyasahau. Wasichana wangu walipita kurasa hizo mbio kwa sababu ya hasira. Nimewarudisha nazisoma nao polepole.

Tumekubaliana kufanya kama wao. Kila msichana ataandika ukurasa mmoja juu ya mtu wa familia yake ambaye hayupo: alipenda kula nini, alicheka vipi, aliimba wimbo gani akitwanga. Hawayajui yote, watakuja kuwauliza. Msiwafukuze jikoni. Mimi nimeshaandika ukurasa wa kwanza, na dagaa ya Kigoma imo.

Daftari liko kwangu shuleni. Vitabu vyote vitatu viko kwa mama katibu wa chama. Anayetaka kuazima aandike jina lake, na tafadhali kile cha kwanza kishikeni taratibu, jalada linashikwa na uzi.

Wiki ijayo tutarudi kwenye habari ya masomo ya watoto wadogo na kalamu zinazopotea.

Mbaki na amani.