Intaneti yatua Mombasa, lakini milango ya maduka yetu haifunguki

Mtoto wa khalati yangu ana nyumba ya wageni Lamu. Juzi alinipigia simu akilalamika. "Kaka, tovuti nimeilipia, picha zimepigwa vizuri, lakini hakuna anayebisha hodi. Wageni wote waja kupitia kwa wale mawakala wa mtandaoni."

Nilikuwa ndani ya matatu ya kwenda Kongowea. Nikaifungua tovuti yake papo hapo kwa simu yangu, kwa bando langu mwenyewe. Likaja jina la nyumba, kisha kikawa kiduara kinazunguka tu. Nilianza tukiwa Buxton. Picha zilipotimia, tulikuwa tushavuka daraja la Nyali. Mimi nilisubiri kwa kuwa ni ndugu yangu. Mgeni wa Nairobi anayetafuta pa kulala wikendi hana udugu na sisi. Angekwishaondoka zamani.

Jioni nilikaa nikapiga hesabu. Ukurasa wa mbele ulikuwa na picha 12, kila moja imewekwa kama ilivyotoka kwenye kamera, yapata megabaiti 4. Hizo ni megabaiti 48. Simu inayopokea nusu megabaiti kwa sekunde yahitaji sekunde 96 kuzimaliza. Na mwenye bando la megabaiti 100 ameshapoteza karibu nusu yake kabla hajajua bei ya chumba. Yaani tunamtoza mteja kiingilio mlangoni, kisha twashangaa mbona haingii.

Hili si tatizo la ndugu yangu peke yake. Mwaka 2016 Google ilitoa matokeo ya utafiti yaliyoonyesha kwamba asilimia 53 ya wanaotembelea tovuti kwa simu huiacha ikiwa inachukua zaidi ya sekunde tatu kufunguka. Tangu Julai 2018, kampuni hiyo imekuwa ikihesabu kasi ya ukurasa kwenye simu inapopanga nani aonekane juu katika matokeo ya utafutaji. Kasi si kigezo pekee, lakini tovuti nzito hupata hasara mara mbili: wachache waiona, na katika hao wachache wengi hawasubiri.

Wazee walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Wengi wetu twaegemea methali hiyo. Twaamini nyumba ikiwa safi na samaki akiwa wa leo, wateja watakuja wenyewe. Lakini chema kisichoonekana hakijiuzi.

Sasa tuangalie fedha zaenda wapi. Mgeni aliyeshindwa kufungua tovuti ya ndugu yangu hakuacha safari ya Lamu. Alikwenda kwenye jukwaa kubwa la kukodisha vyumba, ambalo hufunguka mara moja, akaiona nyumba ile ile humo. Majukwaa hayo hukata kamisheni, na asilimia 15 ni kiwango cha kawaida. Chumba cha shilingi 6,000 kwa siku tano ni shilingi 30,000. Zikikatwa 4,500, hizo hazirudi Lamu. Hazimlipi nahodha wa mashua, hazimlipi mpishi, wala hazinunui makuti ya kuezekea. Siwalaumu wenye majukwaa. Wao wamejenga mlango unaofunguka, na sisi twawalipa kwa kuwa wetu umekwama.

Kinachoniuma zaidi ni mahali tulipo. Nyaya za chini ya bahari zilizoleta intaneti ya kasi Kenya zilitua hapa hapa Mombasa mwaka 2009, TEAMS kutoka Fujairah na SEACOM baada yake. Kabla ya hapo nchi ilitegemea setilaiti, kwa bei ghali na mwendo wa kobe. Nyingine zimefuata tangu hapo. Nairobi na Kampala hupata intaneti inayopita kwetu kwanza. Na bado biashara nyingi ndogo za Pwani zimeweka tovuti zao kwenye seva za Ulaya au Marekani, kwa kuwa ndizo alizozizoea fundi. Mteja wa Likoni akitaka kuona duka la Mji wa Kale, ombi lake lavuka bahari kwenda ng'ambo na kurudi, tena si mara moja, bali mara nyingi kwa ukurasa mmoja. Mei 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika upande wa kusini mwa Afrika, mtandao ulizorota nchini. Siku kama hizo tovuti nyepesi iliyohifadhiwa karibu huwa na nafasi nzuri zaidi ya kufunguka kuliko ile nzito iliyo mbali.

Wako watakaosema: tovuti ya nini, na WhatsApp ipo? Ni hoja ya haki. Dada anayeuza mahamri na kaimati kwa majirani zake hahitaji tovuti, na asidanganywe na mtu ainunue. Lakini anayemtafuta mteja asiyemjua bado, kama mwenye nyumba ya wageni, mwenye mashua au fundi wa samani za kuchonga, ahitaji mahali pake mwenyewe. Kwenye mitandao ya kijamii sisi ni wapangaji. Mwenye nyumba akibadilisha masharti, huna la kusema.

Dawa yenyewe haina gharama kubwa. Picha za ndugu yangu tulizipunguza hadi kilobaiti 150 kila moja kwa programu ya bure. Zote 12 sasa hazifiki megabaiti 2, na kwa simu ile ile zamalizika kwa sekunde nne hivi. Kwa macho ya mgeni kwenye kioo cha simu, tofauti haionekani. Tuliondoa pia video iliyokuwa ikijicheza yenyewe, tukaweka bei na nambari ya simu juu kabisa, ili mtu asome hayo kabla picha hazijatimia.

Kwa hivyo, mwenye biashara unapompa fundi kazi ya tovuti, usiridhike kuiona inapendeza kwenye kompyuta yake ofisini. Muulize mambo matatu: ukurasa una uzito gani, seva iko wapi, na kwenye simu ya kawaida hufunguka kwa sekunde ngapi. Asipoweza kujibu, usimmalizie malipo. Nazo serikali za kaunti zetu sita, zinapofundisha vijana na kina mama biashara ya mtandaoni, ziwafundishe na hili. Kuwa na tovuti ni nusu ya kazi tu.

Twajisifu kwa msemo wetu, mgeni njoo mwenyeji apone. Leo usiku zima Wi-Fi, washa bando lako, ufungue tovuti yako mwenyewe kama mgeni. Hesabu polepole: moja, mbili, tatu. Ikiwa bado waona kiduara chazunguka, basi jua mgeni wako keshaenda kwa mwengine.