Neno la Mhariri: Jumapili ya Anayewinga Ndege

Mpunga ukishaanza kutia maziwa, Jumapili inakuwa ngumu katika bonde la Kilombero. Kweleakwelea hushuka alfajiri kabla umande haujakauka, na hurudi tena jua linapopoa. Saa zao na saa za misa ya kwanza ni zile zile. Kanisani unamwona baba amekaa, mama amekaa, wadogo wamevalishwa vizuri, lakini kuna mmoja wa nyumba hiyo hayupo. Yuko juu ya dungu. Mkononi ana kombeo, pembeni ana rundo la madonge ya udongo aliyoyafinyanga jana jioni, na kamba yenye makopo imevutwa kutoka kwenye dungu hadi mwisho wa jaruba. Akiitikisa, makopo yanalia na ndege wanaruka kwenda shamba la jirani. Mara nyingi ni kibarua aliyetoka mbali, au mtoto wa ndugu aliyeletwa kusaidia msimu wa mpunga.

Toleo hili linahusu pumziko la Sabato, nami nataka mazungumzo yetu yaanzie kwenye dungu hilo. Tumezoea kuihubiri amri ya kuitakasa siku ya Bwana kana kwamba inamhoji aliyekuja kusali na aliyebaki kulala. Naamini kwanza inamhoji aliyekuja kusali kuhusu mtu aliyemwacha shambani.

Soma amri yenyewe polepole. Haiishii kwa mwenye nyumba. Inamtaja mwanawe na binti yake, mtumwa na mjakazi, mnyama wa kazi, na mgeni anayeishi kwake. Kumbukumbu la Torati, sura ya 5, inaongeza sababu: Waisraeli wapumzike wakikumbuka kwamba wao wenyewe walikuwa watumwa Misri. Farao hakuwa na siku ya saba. Kwake mtu alihesabiwa kwa matofali, na aliyeomba ruhusa ya kwenda kumwabudu Mungu aliitwa mvivu na kuongezewa kazi. Kwa hiyo anayepumzika Sabato anatangaza kwamba hakuna binadamu anayemmiliki, na anayempumzisha mfanyakazi wake anakiri kwamba naye hammiliki mtu. Mwenye shamba anayetulia kwenye benchi la kanisa huku mwingine akimfanyia kazi yake bado hajatoka Misri. Amehama upande tu.

Najua jibu la mkulima wa kwetu, na si jibu la mzaha. Mpunga wa mvua ni mavuno ya mara moja kwa mwaka. Ada ya shule, bati za nyumba, deni la trekta, vyote vinangoja humo. Kundi la kweleakwelea likipewa asubuhi moja bila mlinzi linaweza kumrudisha mtu nyumbani na magunia matupu. Kaizari Konstantino alilielewa jibu hilo. Sheria yake ya mwaka 321, iliyofunga mahakama na karakana za mijini siku ya Jumapili, iliwaruhusu wakulima waendelee na mashamba, kwa hoja kwamba wakati unaofaa kwa mbegu ukipita haurudi. Kabla ya hapo, kwa karibu miaka 300, Wakristo walikusanyika alfajiri kisha wakaenda kazini, kwa sababu Jumapili haikuwa sikukuu ya serikali na baadhi yao walikuwa watumwa wa watu. Basi kwa kipimo cha kaizari, mkulima wa Kilombero hana kosa.

Maandiko hayakumpa nafasi hiyo. Kutoka 34:21 inaagiza pumziko la siku ya saba, kisha inaitaja misimu miwili ambayo kila mtu angeitolea udhuru: wakati wa kulima na wakati wa kuvuna. Mstari huo ni mgumu kuliko tunavyopenda kukubali. Tungeelewa kama pumziko lingewekwa Agosti, mpunga ukiwa ghalani na njia zikiwa kavu. Kupumzika kazi inapokwisha hakudai imani yoyote. Imani inadaiwa Mei.

Na imani inayodaiwa ni hii: kwamba chakula chetu kinatoka kwa Mungu kabla hakijatoka mikononi mwetu. Katika Mwanzo, binadamu anaumbwa siku ya sita, na siku yake kamili ya kwanza duniani ni ya pumziko. Hakuwa amelima hata ngwe moja. Alianza kwa kupokea, kazi ikafuata. Watu wa Kilombero wana ushahidi wa jambo hilo mbele ya macho yao. Mito inashuka kutoka Udzungwa na milima ya Mahenge, inafurika, inaacha udongo mpya, na hakuna mkulima aliyewahi kuubeba kwa ndoo. Jembe letu linakuta neema imeshatangulia.

Je, ndege waachwe wale? Hapana, sisemi hivyo. Yesu aliuliza ni nani ambaye ng'ombe wake akitumbukia kisimani siku ya Sabato hatamtoa mara moja. Muuguzi wa Hospitali ya Mtakatifu Fransisko anayebaki wodini Jumapili haivunji siku ya Bwana. Mpunga unaoliwa ni ng'ombe aliye kisimani, na kuulinda ni halali. Swali langu ni nani analinda, kila Jumapili, tangu mpunga unatoa suke hadi unakatwa. Dharura inayomwangukia mtu yule yule kila wiki imekoma kuwa dharura. Imekuwa utumwa wake.

Hapa jirani zetu Wasabato wanatufundisha, na niseme wazi kwamba sitaki kuanza tena ule ubishi wa Jumamosi na Jumapili ambao umekwisha kula jioni nyingi. Wao huiita Ijumaa Siku ya Maandalio: chakula kinapikwa, nguo zinanyooshwa, kuni na maji vinaletwa kabla jua halijazama. Wanajua kwamba pumziko lisipoandaliwa mapema, mtu fulani hulilipia, na kwa kawaida ni mama au binti wa kazi. Hata mana jangwani ilianguka maradufu siku ya sita.

Maradufu hiyo ndiyo inayonisumbua zaidi. Vibarua wetu wengi wanalipwa kwa ngwe. Siku wasiyolima, hawali. Ukimwambia kibarua wa namna hiyo akapumzike, umempa njaa na kuiita Sabato. Mungu alipowaamuru Waisraeli wapumzike, aliwapa kwanza chakula cha siku hiyo. Mwenye shamba anayetaka kumwiga Mungu atalazimika kugusa mfuko wake: amlipe kibarua Jumamosi kabla ya jua kuzama, wala si Jumapili baada ya misa, na ujira wa siku sita umtoshe siku saba.

Familia nyingi huhamia mashambani kwa miezi kadhaa; watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara wameandika jinsi zinavyokuwa mbali na zahanati kipindi hicho, tena katikati ya mbu. Zinakuwa mbali na kanisa pia. Basi Jumuiya Ndogo Ndogo ziwafuate huko, na zikae kabla ya msimu zipange zamu: wiki hii mwenye shamba mwenyewe apande dunguni, wiki ijayo kijana wake mkubwa, nyingine jirani wa upande wa mto, na kibarua aende kusali au alale, atakavyo. Waislamu wenye majaruba yanayopakana na yetu wakiombwa kushika zamu ya Jumapili, nasi tushike ya kwao Ijumaa mchana. Halmashauri za walei zinaweza kulijadili hili sasa, mpunga ukiwa bado mfupi, pamoja na swali la ujira, ambalo najua litachukua kikao zaidi ya kimoja.