Maji Yana Uzito, Jamani!

Mtindo wa kufuga samaki sebuleni umeenea sana mijini. Mjomba wangu, akaaye ghorofa ya nne, naye ameshikilia kununua tangi la kioo aliweke katikati ya chumba, wageni walizunguke. Mimi nampinga, na sababu zangu ni hizi.

Katika Fizikia tumefunzwa kwamba lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Sasa hebu tupige hesabu. Tangi lenye urefu wa sentimita 120, upana wa 40 na kina cha 50 hubeba lita 240, yaani kilo 240 za maji matupu! Ongeza kioo, mawe na meza yake, utapita kilo 300. Lo! Huo ni uzito wa watu wazima wanne au watano waliosimama pamoja usiku na mchana, wala hawaendi kwao.

Kwa kanuni za Kiingereza ambazo wahandisi wetu walizitumia miaka mingi, sakafu ya nyumba ya kuishi hukadiriwa kubeba takriban kilo 150 kwa kila mita mraba. Tangi hilo halifiki hata nusu ya mita mraba.

Sisemi kwamba sakafu itapasuka siku hiyo hiyo, la hasha! Zege iliyosukwa nondo vizuri huugawa mzigo huo chumbani. Lakini je, nani atamhakikishia mpangaji kwamba nondo zilitosha? Mnamo Aprili 2016, jengo la ghorofa liliporomoka mtaani Huruma, Nairobi, likaua watu zaidi ya 40. Halikuangushwa na samaki, bali lilijengwa ovyo kando ya mto bila idhini. Hata hivyo, wapangaji walilipa kodi kama sisi tu, wasijue lililofichwa chini ya rangi.

Kwa hivyo rai yangu ni hii. Tangi likae kando ya ukuta unaobeba nyumba, karibu na nguzo au juu ya boriti ya zege, si katikati ya chumba. Lisiwekwe kamwe kwenye roshani inayoning'inia nje. Chini ya miguu ya meza utandikwe ubao mnene ili uzito usidunge mahali pamoja, na fundi alipime kwa pimamaji lisiegemee upande. Ukiona ufa au sakafu imebonyea, mwite mhandisi kwanza. Wahenga hawakukosea: usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mjomba hunijibu kwamba nyumba ni yake maadamu analipa kodi. Sawa, lakini sakafu yake ndiyo dari ya jirani wa ghorofa ya tatu, mwenye watoto wanaolala papo hapo chini. Hao nao waulizwe. Ama sivyo, anunue tangi dogo la lita 40, samaki wachache wanamtosha.