Mpe Mtoto Kitu, Usimpe Sikukuu

JICHO LA NZAMBANI
Na Mwende wa Nzambani

Jumatatu ijayo, Juni 1, ni Siku ya Madaraka, na katika madarasa mengi ya Kitui na Makueni zoezi limeshaandikwa ubaoni: "Tunga shairi la beti nne kuhusu Siku ya Madaraka." Yatakayotungwa nayajua tangu leo. Ubeti wa kwanza utaisalimu nchi. Wa pili utakumbuka damu ya mashujaa. Wa tatu utahimiza amani, upendo na umoja, na wa nne utamwomba Mungu atubariki. Vina vitapatana, mizani itatimia nane kwa nane, mwalimu atatia tiki yake nyekundu, na huenda asipatikane mtoto hata mmoja aliyesema jambo aliloliona kwa macho yake mwenyewe.

Siwalaumu watoto. Mtoto akiulizwa jambo pana hujibu kwa maneno aliyoyasikia kwa wakubwa, na wakubwa siku ya sikukuu huhutubu. Ndiyo maana tunapokea hotuba zilizokatwakatwa kwa mizani. Kosa liko kwenye swali.

Sikukuu ni mahali pazuri sana pa kuanzia shairi, mradi mwalimu asiitaje kwa jina. Ataje kitu kimoja cha siku hiyo, au mtu mmoja, au saa moja. Ampe mtoto dakika kumi tu, kisha anyamaze.

Oktoba 20, 2025 sherehe za kitaifa za Mashujaa zilifanyika kwetu Kitui, uwanjani Ithookwe. Nchi ilikuwa katika majonzi. Raila Odinga alikuwa amezikwa Bondo siku iliyotangulia. Siku ya namna hiyo ina mashairi mengi ndani yake, na nadhani machache mno yangeanza kwa neno "shujaa". Ningemwambia mwanafunzi: andika juu ya viatu vya mtu aliyesimama kwenye foleni ya lango tangu alfajiri. Andika juu ya aliyefagia uwanja asubuhi ya tarehe 21, na kitu alichokiokota. Andika juu ya jirani aliyebaki nyumbani na redio yake. Mwanafunzi atafika kwa mashujaa kwa miguu yake mwenyewe, na akifika atakuwa na la kusema.

Kuna wanaoamini kwamba kuandika haraka kunatosha kumwondolea mtu woga na kumletea maneno mapya. Mimi sikubali. Ukimharakisha mtoto na mada pana, maneno ya jukwaani ndiyo yatakayomtangulia, kwa sababu ndiyo yaliyo karibu na ulimi. Haraka hufaa pale tu kitu kinapokuwa kidogo. Aliyepewa ndoo moja chini ya paa linalovuja hana pa kuyaweka maneno makubwa. Itambidi aitazame ndoo.

Tuichukue Madaraka yenyewe tuone. Makueni ina Madaraka inayopita kila siku. Treni ya Madaraka Express ilianza kubeba abiria Juni 1, 2017, ikapewa jina la sikukuu hiyo, na tangu hapo inakata kaunti nzima ikielekea Mombasa au Nairobi. Zipo zinazosimama Emali, Kibwezi na Mtito Andei, na zipo zinazopita bila kusimama. Basi zoezi liwe hivi: unachunga mbuzi karibu na reli, upande wa Kibwezi. Treni inapita. Andika ulichokiona, na usitumie maneno uhuru, taifa, Kenya wala maendeleo.

Kwanza itakuja nathari, na iachwe ije: "Treni ilipita. Mbuzi waligeuka wote. Nilitafuta mtu dirishani. Upepo ulinipiga. Nikavuta kamba." Ni sentensi tano fupi, kila moja na kitu cha kushikika. Hapo ndipo mwalimu aseme, sasa tulete vina. Nimejaribu mwenyewe kwa ajili ya safu hii, na ubeti ukatoka hivi:

Garimoshi limepita, mbuzi wote wageuka,
Dirishani natafuta, mtu wa kunikumbuka,
Upepo ndio napata, na reli kunung'unika,
Kamba yangu naivuta, twende, jua linashuka.

Tazama kilichotokea. Kunung'unika kwa reli hakukuwa kwenye ile nathari. Kumeletwa na kina cha mwisho, kilichokuwa kikidai neno linaloishia kwa "ka". Jua nalo limeshuka kwa sababu hiyo hiyo. Mtu wa kunikumbuka pia hakuwepo. Alikuwa "mtu" tu hadi mizani ilipodai zaidi, na alipoongezewa hilo neno akageuka kuwa ndugu aliyeondoka nyumbani. Hii ndiyo kazi ya arudhi ambayo tumeisahau madarasani. Tunaifundisha kama ua wa miiba wa kumzuia mtoto, ilhali ikipewa malighafi ya kweli humwongezea mambo ambayo hakujua kwamba anayo. Mwalimu anayehofia mtihani asiwe na wasiwasi: mizani yake ipo, vina vyake vipo, na utoshelezi upo. Kilichobadilika ni kipi kilichotangulia.

Sikukuu nyingine zinatusaidia kwa namna yake. Oktoba 10 imekuwa Siku ya Moi, ikawa ya Huduma, ikawa ya Utamaduni, na tangu 2024 ni ya Mazingira. Hapo kuna shairi la majibizano lililokwisha andaliwa: mti uliopandwa Siku ya Moi unamwandikia barua mche wa Siku ya Mazingira. Na kuna Novemba 13, 2023, siku ambayo serikali iliifanya ya mapumziko ili wananchi wapande miti. Uliza kila familia ya Mutomo au Kathonzweni ni wapi walipoupanda wao. Mtoto aende akautazame, arudi, aandike ubeti mmoja. Kama mche upo, auandike ulivyo, urefu wake na mbuzi waliouonja. Kama umekauka, aandike shimo. Katika nchi kavu kama yetu mashairi hayo mawili yana uzito sawa, na ningependa kuyasoma yote.

Lakini kalenda iliyo kwenye Gazeti Rasmi la Serikali si kalenda pekee tuliyo nayo. Ukambani tuna mvua ya nthwa, inayoanza mwezi wa Oktoba na kutufikisha Desemba, na tuna ya uua, inayokuja Machi hadi Mei na kutuangusha mara nyingi. Nthwa ndiyo inayotulisha. Siku tone la kwanza linapogusa vumbi, hakuna ofisi inayofungwa, hakuna gwaride, ila kila mtu wa Zombe, wa Kyuso, wa Wote na wa Sultan Hamud anakumbuka alikuwa wapi. Hiyo nasema ni sikukuu, na ina vichocheo vingi kuliko Jamhuri. Kumbikumbi kwenye taa. Mbegu zilizofichwa ndani ya kibuyu zikitolewa. Baba aliyekuwa hasemi wiki nzima akianza kuimba. Kisha Januari na Februari kuna ndengu za kuvuna, kupura na kupeta, na dalali anayekuja na lori, na mama anayezipima mwenyewe kwanza kwa gorogoro kabla hajaamini mizani ya mgeni. Kuna maembe ya Makueni, ambayo msimu ukikolea huwa mengi hadi yakaoza chini ya mti huku karo ikidaiwa. Mwulize mtoto harufu hiyo, naye ana umri wa kutosha kuijibu.

Washairi wa haiku nchini Japani hutumia kitabu kiitwacho saijiki. Kimeorodhesha maneno ya kila msimu: wadudu wake, vyakula vyake, maua yake, sherehe zake, pamoja na mifano ya mashairi yaliyotungwa kwayo. Mshairi akikosa pa kuanzia hufungua ukurasa wa msimu uliopo, akachagua neno moja. Mwaka Mpya una sehemu yake ya pekee humo, lakini umewekwa pamoja na vyura na mvua, bila kupewa enzi. Natamani tuwe na kitabu cha namna hiyo cha Ukambani, kilichoandikwa na watoto wa shule. Hakihitaji fedha za mfadhili. Kinahitaji daftari moja kwa kila darasa na mwalimu anayejali.

Wala si jambo geni kwetu kutunga papo hapo juu ya siku ya leo. Kikundi cha mwethya, cha kusaidiana kazi, kikichimba matuta au kikijenga bwawa la mchanga, mwimbishaji hutunga huku jembe likiinuka, na aliyezembea hulisikia jina lake kwenye wimbo. Myali, nyimbo zetu za kukosoa tabia, zilichukua kilichotendeka kijijini zikakirudisha kwenye ngoma kikiwa kimetiwa sauti. Kule Mombasa, karne ya 19, Muyaka bin Haji alizishusha tungo sokoni akatunga juu ya mapenzi, bahari, biashara na siasa za mji wake. Na David Maillu, mzaliwa wa Kilungu, alichapisha mwaka 1974 kitabu kizima cha beti ambacho jina lake ni saa ya kutoka kazini: After 4.30. Si kitabu cha kuwapa watoto wa darasa la sita, lakini somo lake la utunzi ni zuri. Mtu alichagua dakika ambayo makarani wa Nairobi hufunga ofisi, akaona kwamba maisha mengi yanaanzia hapo.

Kwa hiyo siku za kawaida nazo ziandikwe. Siku mbuzi wa ntheo, wale wa kuposea, wanapoletwa, mwanafunzi aandike kwa sauti ya dada mdogo anayechungulia kutoka jikoni, ambaye hakuna aliyemuuliza maoni yake. Siku ya kufungua shule, aandike sanduku la bati na sare iliyoanza kubana mabega. Mkesha wa Krismasi, aandike ujumbe wa M-Pesa ulioingia badala ya mtu. Kiasi kilichotumwa kiwe ndicho kibwagizo. Mabasi ya kutoka Nairobi hujaa wiki hiyo na nauli hupanda, kila mtu anajua, lakini shairi liko kwa yule ambaye kiti chake kilibaki ukutani. Wakati wa kiangazi, aandike mkono unaochimbua mchanga wa mto Tiva hadi maji yatokeze, na punda anayesubiri nyuma.

Neno moja la tahadhari kuhusu matanga. Matanga ni tukio la kila wiki kwetu, na vitu vyake vinaonekana: viti vya plastiki vya kukodi, turubai, sufuria kubwa zilizoazimwa kanisani. Lakini mwalimu asimlazimishe mtoto aliyefiwa karibuni aandike hapo kwa dakika kumi kwa sababu eti ndicho kichocheo cha leo. Awe na vichocheo viwili mkononi daima, na mtoto achague bila kuulizwa kwa nini.

Na lugha? Atakayetaka kuandika kwanza kwa Kikamba aandike. Nimeona watoto wakihangaika kutafuta neno la Kiswahili la kitu walichokishika asubuhi ile ile, na dakika kumi zikaisha. John Mbiti, mzaliwa wa Mulango, alikusanya hadithi za lugha yake akazichapisha kwa Kiingereza mwaka 1966, kisha 1969 akatoa diwani yake mwenyewe. Miaka mingi baadaye alilirudia Agano Jipya akalifasiri kwa Kikamba kutoka Kigiriki. Mtu huyo hakuona aibu kwenda na kurudi kati ya lugha. Kiswahili chetu kitanenepa kwa ndengu na muthokoi, hakitapungua.

Historia ya Madaraka ifundishwe, tena vizuri. Mtoto ajue kwamba Juni 1, 1963 ndipo Kenya ilipoanza kujitawala kwa mambo ya ndani. Akishajua, Jumatatu jioni baada ya hotuba kwisha, aende kwa susu. Bibi aliyekuwa na miaka 10 wakati huo ana 73 leo, na wengi wangali hai, wameketi uani Mbooni na Mwingi wakichambua mbaazi. Asimuulize uhuru una maana gani kwake. Amuulize alikula nini siku hiyo, alivaa nini, na nani alileta habari. Kisha dakika kumi.

Orodha yetu ya maneno ianze na mwezi huu tunaouingia. Mimi naweka matano ya kwanza: ukungu wa Kilungu, baridi ya kukamulia, machungwa, muthokoi wa jioni, ubua uliobaki shambani. Mwalimu abandike karatasi ukutani, kila mtoto aongeze lake la kwao, na Julai tufungue karatasi nyingine. Julai 7 ni Siku ya Kiswahili Duniani, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021. Siku hiyo nayo, mwalimu, tafadhali usiwaambie watunge shairi kuhusu Kiswahili. Waulize ni neno gani ambalo kwao hutumiwa na shangazi peke yake, na mara ya mwisho alilitumia akiwa anafanya nini.