Kabla hujauza kioo cha nyanya, jua bei yake Diani

Kwa nyanya yangu kule Msambweni kuna alama ukutani. Ni mstatili mweupe katikati ya ukuta uliokula moshi wa kandili miaka nenda miaka rudi. Hapo ndipo kilipokuwa kioo chake, kile alicholetewa alipoolewa, chenye fremu ya mbao nzito na maua yaliyochongwa juu. Mwaka jana binamu yangu alikiuza kwa shilingi 1,500 kwa jamaa anayezunguka na pikipiki akinunua vitu vya zamani. Simu yake ilikuwa imevunjika kioo, akataka kukibadilisha. Ndiyo, aliuza kioo anunue kioo.

Miezi mitatu baadaye nilikiona Diani, kwenye duka moja la mapambo ya nyumba. Bei: 42,000. Nilikijua kwa ufa ulioko pembeni chini, ambao ni mimi niliyeutia kwa mpira nikiwa darasa la tatu.

Siandiki haya kumlaumu binamu pekee. Naandika kwa sababu vijana wengi wa Pwani Kusini siku hizi tumeingia kwenye biashara ya nyumba za wageni. Tunasimamia koteji, tunapanga vyumba vya kukodisha, tunapiga picha za kuweka Instagram. Na kila mtu anataka kioo cha zamani ukutani. Tunakwenda Mombasa, tunavuka Likoni na kioo kipya kilichopakwa rangi ya dhahabu na kukwaruzwa kwa msasa ili kionekane kizee, tunakilipia maelfu. Halafu kile cha kweli kiko nyumbani Msambweni, Gazi au Vanga, kimefunikwa leso nyuma ya mlango, tunakiita takataka.

Kwani kioo cha zamani unakijuaje? Si kazi ngumu. Weka ncha ya ukucha juu ya kioo, utazame nafasi kati ya ukucha na kivuli chake. Nafasi hiyo inakuonyesha unene wa bilauri yenyewe. Kisha simama pembeni, usogeze kichwa polepole. Bilauri ya zamani mara nyingi ina mawimbi kidogo, sura yako inayumba kama uko ndani ya maji. Kipya kimenyooka tu.

Geuza nyuma. Hapo ndipo uongo unapokamatwa. Mbao ya zamani huwa nyeusi zaidi kule hewa ilikopita na nyeupe kule ilikofunikwa, na misumari imeacha kutu ndani ya mbao. Ukikuta ubao laini wa unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi, na rangi moja kutoka kona hadi kona, huyo muuzaji anakuchezea, hata akikwambia kilitoka kwa sultani.

Halafu kuna yale madoa meusi. Watu huyachukia bure. Ile sura unayoiona kwenye kioo inatokana na utando mwembamba wa fedha nyuma ya bilauri, ufundi aliouvumbua mwanakemia Mjerumani, Justus von Liebig, mwaka 1835. Kabla ya hapo walitumia bati na zebaki, sumu tupu, kwa hiyo ukikutana na kioo cha umri huo usiukwangue mgongo wake. Sasa huku kwetu upepo wa bahari una chumvi na unyevu. Vinaingia kwa ukingoni, vinakula fedha, doa linaanza pembeni na kuelekea katikati. Kioo kilichokaa Msambweni miaka sitini lazima kiwe na madoa. Doa linaloanza ukingoni ni la kuaminika. Madoa yaliyotawanywa sawasawa kote kama mtu amenyunyiza pilipili manga, hayo yamefanywa makusudi kwa dawa.

Usikimbilie kukipaka fedha upya. Ukifanya hivyo umebaki na fremu ya zamani na kioo cha jana, na mnunuzi anayejua atakupunguzia bei. Kifute kwa kitambaa laini kilicholowa kidogo tu. Usikipulizie dawa moja kwa moja, maana inateremka hadi ukingoni na kumalizia kazi ya chumvi. Na ukuta wetu wa matumbawe hunyonya maji wakati wa masika, kwa hiyo weka vipande viwili vya kizibo nyuma ya fremu, hewa ipite. Bafuni usikipeleke kabisa. Pahali pazuri ni mkabala na dirisha dogo. Nyumba zetu za kale zilijengwa na madirisha madogo ili joto lisiingie, na kioo kimoja kilichowekwa vizuri kinakuletea mwanga hadi ndani bila bili ya stima.

Niseme neno kuhusu vile vioo vyenye fremu za mbao za majahazi, maana Diani vimejaa. Mimi navipenda. Fundi anachukua ubao wa mashua iliyochoka, wenye matundu ya misumari na mabaki ya rangi, anautia kioo kipya. Hiyo ni kazi halali ya mikono na inalisha watu. Shida ni pale fundi anapochukua mbao mpya, anaichoma moto kidogo, anaipaka buluu na kukwangua, kisha anamwambia Mzungu eti hili lilikuwa jahazi la kwenda Maskati. Tafuta matundu. Msumari wa chombo cha baharini huacha kutu iliyopenya ndani, si doa la juujuu. Na uite kitu kwa jina lake: fremu ni ya zamani, kioo ni kipya.

Kuna wanaosema, sasa wewe unataka wazee wakae na vitu vyao na njaa iko mlangoni? Hapana. Mtu akiwa na shida auze, mali ni yake. Lakini auze akijua. Tofauti kati ya 1,500 na 42,000 si faida ya kawaida ya biashara. Najua mwenye duka ana kodi, ana usafiri, na amekisafisha. Hata ukimpa nusu nzima, bado nyanya alikuwa na haki ya elfu ishirini. Na kwa nini pesa hiyo ya katikati isiwe ya kijana wa Msambweni mwenye simu, anayejua kupiga picha na anayejua nyumba zipi zina nini?

Serikali haitatusaidia sana hapa. Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka 2006 inalinda vitu vya kale vilivyotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya mwaka 1895, na kuvitoa nje ya nchi kunahitaji kibali. Mwaka huo huo wa 1895 ndipo Sheikh Mbaruk bin Rashid wa Gazi alipoanza kupigana na Waingereza. Kwa hiyo kama kwenu kuna kioo cha enzi za Mbaruk, hicho si cha kumpa mtu wa pikipiki, kapige hodi Fort Jesus kwanza. Lakini vioo vingi vya nyanya zetu ni vya miaka ya 40, 50, 60. Sheria haivijui. Vinalindwa na wenye nyumba tu.

Tumeshaona mchezo huu ukiendeshwa kwa vitu vizito zaidi. Vigango vya Wamijikenda, nguzo za kukumbuka marehemu, viling'olewa vijijini na kuishia kwenye kumbi za watu Marekani kama mapambo. Mwaka 2014 jumba la makumbusho la Denver lilitangaza kurudisha vigango 30. Kioo si kigango, nakubali, hakina mzimu. Lakini njia ni ile ile: kijana mwenye shida ya pesa ndogo, mnunuzi anayepita, na mzee ambaye hakuulizwa.

Maana nyanya hakuulizwa. Alikuwa shambani. Kile kioo alikuwa akikifunika leso kila radi zikipiga, na tulipokuwa wadogo alitusimamisha mbele yake asubuhi ya Idi mmoja mmoja akague kola. Nilirudi lile duka la Diani mara mbili kubembeleza bei. Mara ya pili nilikuta kimeshanunuliwa.

Siku hizi nyanya akitaka kujifunga ushungi vizuri kabla ya kwenda harusini, humwita binamu yangu. Binamu anawasha kamera ya mbele na kumshikia ile simu, na nyanya anamwambia aiinue juu kidogo, haoni vizuri.