Ada ya Mwezi na Riziki ya Siku

CHINI YA IVETI
Na Bakari Mutinda

Mwezi wa Julai mwaka 2022, Netflix ilipoanza kuonyesha Country Queen, tamthilia ya sehemu sita iliyokuwa ya kwanza ya Kenya kubeba chapa ya Netflix, sisi wakazi wa Machakos tulikuwa na sababu ya kujivuna, kwani hadithi ile ya binti anayetoka Nairobi kurejea kijijini kwao, akakuta kampuni ya madini inaitamani ardhi ya wazee, husemwa kwa Kiswahili, Kiingereza na Kikamba. Walakini wengi ambao Kikamba ndiyo lugha ya mama zao hawajaiona hata leo, si kwa kukosa hamu, bali kwa kuwa yauzwa kwa mwezi, na wao hupata kwa siku.

Hapo ndipo penye kasoro, wala sioni kwamba imo katika ughali wa ada peke yake. Mwendesha bodaboda wa stendi yetu, ambaye riziki yake huijua jua likizama, hununua mafuta ya kupikia kwa kipimo cha kadogo, sabuni kwa kipande, na bando ya saa moja. Ukimwambia atoe leo fedha za siku thelathini zijazo kwa ajili ya tamthilia ambayo pengine hatapata wasaa wa kuitazama ila Jumapili, kisha anunue na bando ya kuifikisha simuni, atakusikiliza kwa adabu, halafu atakwenda zake kwa kijana wa duka la muvi akajaziwe flashi. Sisemi kuwa jambo hilo ni halali. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 yalikataza, na wasanii wetu wamedhulumiwa nalo miaka mingi. Lakini kijana yule amemjua mteja wake.

Matajiri wa mbali hawakumjua, ijapokuwa walikuja na tunu mikononi. Netflix yenyewe, Septemba 2021, iliwafungulia bure wenye simu za Android, ikaufunga mlango huo Novemba 2023. Iflix ilibisha hodi mwaka 2017, na kabla ya 2018 kwisha ilikuwa imekwisha kuuza biashara yake ya Afrika. Amazon, Januari 2024, ikaghairi kugharimia filamu mpya barani. Na Showmax, iliyozinduliwa upya Februari 2024 kwa ubia na Comcast ya Marekani, ilibadilishiwa bwana mwaka uliofuata, Canal+ ya Ufaransa ilipoitwaa MultiChoice. Aliyelipa ada muda wote huo hana hata kanda moja kabatini. Viusasa ya hapa hapa nchini, tangu 2017, ilithubutu kuuza kwa siku, nami nastaajabu kwamba wakubwa kama Netflix hawakuiga hesabu hiyo, maadamu M-Pesa ipo na hata shilingi kumi hupita.

Kaunti yetu ilipigiwa debe la Machawood enzi za gavana Alfred Mutua, kwa matumaini ya kuwa kitovu cha filamu. Basi na iketi na wenye haki za Country Queen waafikiane, kiwambo kitundikwe People's Park Jumamosi moja, kiingilio kilipwe mlangoni, na viti vya mbele wapewe bibi zetu, wasiojua Netflix ni mnyama gani, wala hawahitaji kujua.