Mkono wa Mfanyakazi Nao Utulizwe



Mwaka 1880 Wafaransa wawili wa tumbo moja, Pierre na Jacques Curie, waligundua kwamba fuwele fulani zikibanwa hutoa umeme. Zikitiwa umeme, nazo hujinyoosha au kujikunja. Leo vipande vya kauri vya namna hiyo hugandishwa kwenye bapa linalotikisika: kimoja huhisi mtikisiko, kompyuta ndogo hupiga hesabu, kingine husukuma kinyume mpaka bapa litulie. Vimejaribiwa kwenye mikia ya ndege za kivita. Miaka ya 1990 kampuni ya K2 ya Marekani iliweka kauri hizo hata kwenye mbao za kutelezea thelujini, miguu ya watalii isisumbuke!

Na mkono wa mfanyakazi? Mwaka 1918 Daktari Alice Hamilton aliwakuta wachonga mawe wa Bedford, Indiana, vidole vyeupe, vimekufa ganzi kwa sababu ya nyundo za upepo. Wenzetu wa misumeno ya mnyororo wanaijua hali hiyo bila kusomewa kitabu.

Hatudai kompyuta kwenye kila msumeno. Mpini uliotengwa na injini kwa mpira au springi unatosha kuanzia. Mkataba Na. 148 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1977, ambao Tanzania imeuridhia, unataka hatari ya mtikisiko iondolewe kwanza kwenye mtambo wenyewe. Vifaa vya kujikinga hufuata baadaye. Basi mwajiri akileta glavu peke yake, kamati imwulize: mashine hii, ulipoinunua, uliuliza inatikisika kiasi gani?